Mstari wa wodi nne

Mwenzangu, nimeharibu. Leo nimeharibu kweli!

Ile grafu ya wagonjwa waliotunga usaha kwenye vidonda, si nilichora mstari badala ya nguzo, moja kwa kila wodi? Nikaanza na wodi ya kwanza, yenye wengi, nikashuka hadi ya nne. Majina ya wodi madogo kama sisimizi.

Daktari mkuu kauona mstari unavyoteremka: “Hongera! Mwezi hadi mwezi wanapungua!”

Mwezi hadi mwezi! Zile ni wodi jamani, si miezi!

Ukumbi mzima makofi. Nami nikajibu, “Asante, daktari.”

Asante!!

Kesho anawahamisha wauguzi wawili walioongezwa wodi ya kwanza kwa ajili ya vidonda hivyo, eti kazi imepungua.

Ya kwanza, mwenzangu. Alikolazwa mama yako.