Gari Inayojishikia Usukani

Jumatatu, 3 Machi
Kajiado na kurudi, kama kila Jumatatu na Alhamisi. Jirani yangu Halima mbele, magauni yake ya dira ya kuuza nyuma. Gari mpya inajiweka yenyewe katikati ya mistari. Mpwa wangu Kimani, aliyeniletea, anasema karibuni hakuna atakayehitaji dereva. Halima aliuliza kama ina jini. Nilicheka. Sikumwambia kwamba ile ya zamani niliigonga langoni mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari wa macho. Jicho la kushoto limepoteza uoni wa upande mzima, na hautarudi. Niache kuendesha. Nikamwambia gari yangu inajiendesha.
"Inakusaidia tu, mama. Dereva bado ni wewe."
Nilimchukia. Nilirudi nikiendesha.

Jumapili, 9 Machi
Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nafunika jicho moja, kisha lingine. Nusu ya kwaya ilipotea.

Jumatatu, 10 Machi
Karibu na Isinya ng'ombe alikata barabara kutoka kushoto. Sikumwona. Gari ilifunga breki yenyewe. Halima akasema Alhamdulillahi, akaipigapiga dashibodi kama mgongo wa ngamia. Niliendesha polepole hadi Kajiado. Lakini nilifurahi. Nilijiona nimemshinda daktari.

Alhamisi, 13 Machi
Kipande cha lami mpya, mistari bado haijachorwa. Nililegeza mikono kama nilivyozoea. Gari ikaelemea kushoto, polepole, kwa mzee Mmaasai aliyekuwa akitembea ukingoni. Halima alinyakua usukani. Tukasimama. Mzee akaja dirishani.
"Mama, uko sawa?"
Mimi ndiye niliyeulizwa.
"Hukumwona?" Halima.
"Upande huo sioni."
"Tangu lini?"
"Krismasi."
"Umenibeba miezi yote hiyo."
Tulimngoja Kimani aje kutuendesha.

Jumanne, 18 Machi
Siku tano Halima hajapiga simu. Nimefua mapazia yaliyokuwa safi. Nimepanga vyombo, nikavipangua. Kimani anasema kuna gari nyingine, ina kamera pande zote. Nikakata simu.

Alhamisi, 20 Machi
Halima alibisha asubuhi, kibali cha kujifunza udereva mkononi.
"Mama Njeri, leo wewe kaa kushoto."
Tulienda ule uwanja nyuma ya soko. Anashika usukani kama anakamua nguo. Kila alipouliza kama kuna mtu upande wangu, nilimwambia sijui, angalia mwenyewe.
Akaangalia.