Barua Niliyokusomea Sivyo

Makongeni, Thika.

Ndugu yangu Wekesa,

Barua zote nilizokuandikia kwenda kwa mama yako zilianza kwa kuuliza hali. Hii haitauliza. Ulipo ninapajua, nilikuwa miongoni mwa waliotupa udongo kule Ruiru, na kwa kuwa ndimi niliyehesabiwa msomi katika mkusanyiko ule, nilipewa heshima ya kusema machache. Nilisema mengi. Wenzako wa shamba la kahawa wakanishika mkono wakisema, "Mwalimu, umemzika vizuri." Nikaipokea sifa hiyo, nikaenda nayo nyumbani.

Ninakuandikia kwa sababu mfalme amepatikana.

Unaikumbuka meza yetu katika hoteli ya baba yangu. Kila Jumamosi mchana ulifika kwa baiskeli, koti lako likinuka maganda ya kahawa, na kabla ya kuketi ukauliza, "Mwalimu, leo msichana amefika wapi?" Ulianza kuniita Mwalimu kabla sijakanyaga chuo chochote. Gazeti lilikuwa moja, na hadithi ilikuwa picha nne kwa juma: Zawena, binti wa mfalme, akimtafuta baba yake aliyetoweka pamoja na mvua ya nchi nzima. Mimi nilisoma maneno kwa sauti, gazeti likiwa limenielekea mimi. Wewe ulikaa ng'ambo ya meza na kikombe chako. Kwa hiyo, miaka yote ile, kila picha uliiona juu chini. Haikunipitikia hata mara moja kukugeuzia.

Kisha tulibishana juu ya juma lijalo, mpaka baba akapiga kelele kutoka jikoni, "Kwani huyo mfalme ni mjomba wenu?"

Ndipo gazeti likawaalika wasomaji waandike wanadhani mfalme yuko wapi. Uliweka kikombe chini, ukagusa kwa kidole ule mlima uliochorwa nyuma ya Zawena tangu juma la kwanza.

"Si huyu hapa? Ona pua. Ona macho mbili, zile mapango. Msitu ni ndevu. Huyu msichana anatafuta baba yake na anamkanyaga."

Nilicheka hadi wateja wakageuka. Nilikwambia mlima ni mlima. Hukukasirika. Ulitoa stempu mfukoni, umeikunja ndani ya karatasi ya sukari, ukasema, "Andika tu, Mwalimu. Weka jina yangu."

Niliandika. Lakini wakati huo nilikuwa nimekwisha kukusudia kuomba kazi katika gazeti lile lile, na sikuweza kustahimili mhariri auone mwandiko wangu umebeba jambo la namna hiyo. Niliandika kwamba mfalme amefungwa katika gereza la waziri, nikapanga hoja zangu kwa utaratibu mzuri, na chini yake nikatia jina lako. Nilijiambia kwamba nimekusitiri.

Ukasema, kama ilivyokuwa desturi yetu kwa kila barua, "Nisomee nisikie."

Nikakusomea. Macho yangu yalipita juu ya gereza, na mdomo wangu ukasema mlima, pua, mapango, ndevu. Uliitikia kwa kichwa kila neno. "Hiyo ndiyo yenyewe," ulisema, ukalamba bahasha kwa ulimi wako mwenyewe.

Gazeti lilipotoka, sikuwa mimi niliyekusomea. Alikuwa karani wa shamba lenu, amesimama kati ya meza za kuanikia kahawa, na wenzako wote wakisikiliza kwa sababu jina lako limepigwa chapa. "Bwana Wekesa wa Ruiru adhani mfalme yumo gerezani kwa waziri. Bwana, gereza hilo liliungua zamani. Soma vizuri!"

Soma vizuri, wewe, ambaye hukuwahi kusoma. Na kuungua kwa gereza ulikujua! Wewe ndiwe uliyeiona picha ya moto ule na kunisimulia, nilipokuwa chuoni na kukosa gazeti, nami kwa kiburi changu sikushika. Wenzako walikupa jina papo hapo. "Soma Vizuri, leta reki!" "Soma Vizuri, mvua inakuja, funika kahawa!"

Jumamosi ile ulikuja kama kawaida. Ulikoroga chai muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha ukasema, "Labda karani alisoma vibaya." Ukanitazama, ukangoja.

Nikasema, "Labda."

Basi. Ulinifungulia mlango, nami nikaufunga kwa neno moja. Ulikunywa chai yako, ukauliza msichana amefika wapi. Afadhali ungenitukana, Wekesa. Afadhali ungenimwagia ile chai. Ulininyima hata hasira yako, na masika yalipoingia, homa ya mapafu ikakuchukua, ukaenda nayo.

Juma hili Zawena ameinama ziwani kunywa maji. Ameuona mlima ndani ya maji, juu chini: pua, mapango mawili, ndevu. Amelia, "Baba, nimekukanyaga tangu nyumbani." Nilipoisoma, niliinuka nikaenda kukaa kwenye kiti chako, gazeti nikaliacha palepale. Kutoka pale hata mtoto angeuona uso ule.

Na juma hili hili nimeletewa jibu. Gazeti limeniajiri. Mhariri amesifu mwandiko wangu; kazi yangu itakuwa kusoma barua za wasomaji na kuchagua zinazofaa. Naanza Jumatatu. Baba amemtangazia kila mteja, nami nimepokea pongezi kama nilivyozipokea kaburini kwako.

Nakuahidi hili. Jumatatu, kabla sijakalia kiti chao, nitaweka mezani kwa mhariri karatasi mbili. Ya kwanza ni barua yako, kwa maneno yako, "macho mbili" na "jina yangu" kama ulivyotamka; sijasahihisha hata moja. Ya pili ni yangu, inayoeleza ni nani aliyeandika habari za gereza, na kwa nini. Nitaomba zote mbili zipigwe chapa, ili karani yule awasomee wenzako. Wakinifukuza, nitarudi Thika kwa treni ya jioni, na baba atakuwa na la kuwaeleza wateja wake.

Barua yako nimeimaliza sasa hivi. Nimekaa mahali pangu, kiti chako kiko mbele yangu, nami nimekusomea yote, polepole, tangu salamu hadi jina.

Kwaheri, ndugu yangu. Safari hii macho na mdomo vimepita mstari mmoja.

Mwalimu wako