Gitaa Lililonitosha Magoti

Kendi mjukuu wangu, hujambo huko Kanada? Huku Mikinduri tumevuna njahi, yale maharagwe meusi, na babu yako anakusalimu.

Umeuliza kwa nini nang'ang'ania gitaa la stili la kampuni moja. Wapigaji wenzangu husifu sauti yake. Mimi nasifu nafasi ya magoti.

Gitaa hilo hulazwa kama meza, na chini yake kuna vyuma vya kusukumwa kwa magoti ili kubadilisha noti. Nilipokuwa msichana, la kanisani lilikuwa na miguu mifupi, magoti yakabanwa chini yake na sketi ikawa inapanda. Mzee mmoja akaniambia, "Hilo waachie wanaume." Nilitafuta hadi nikapata hili, lenye miguu mirefu kidogo. Jumapili ya kwanza nalo kanisani, nilipiga sketi ikiwa imetulia, mzee yule akitazama viatu vyake.

Ukienda dukani kununua gitaa lako, vaa nguo zako za kila siku. Gitaa likikubana, badilisha gitaa.

Nyanya yako, ambaye bado anapiga.