Tuta Kati Yetu na Elina

Jumatatu, 18 Machi 2024

Mto Momba umekuwa mwekundu. Huku karibu na Ziwa Rukwa hatujapata hata tone, kwa hiyo mvua iko juu, upande wa Igamba, walikomaliza miti kwa mkaa. Udongo wote unatushukia sisi. Fanueli anasema ni maji ya kawaida. Mume wangu huyu! Mwaka jana yeye na wenzake walifyeka matete ya ukingoni ili tuongeze majaruba. Mpunga umekubali kweli, umeanza kutoa masuke. Lakini sasa kati yetu na mto hakuna kitu.

Alhamisi, 21 Machi

Maji yameingia! Mpunga umebaki vichwa tu. Tuta letu kubwa ndilo linayazuia yasishuke bondeni, kwa mdogo wangu Elina. Yuko kibandani peke yake na kichanga. Mumewe, Dennis, kaenda Tunduma kutafuta kibarua. Nimempigia, nikamwambia apande huku kwetu. Ati mtoto ana homa, na kuku atamwachia nani. Kuku! Nimekata simu kwa hasira.

Jumamosi, 23 Machi

Fanueli hali chakula. Anazunguka tuta na jembe begani. Leo kaniuliza, hanitazami usoni:

"Mama Judith, maji haya yakishukia kwa Elina, si mpunga wetu utapona?"

Nikamwambia Elina ni damu yangu. Akasema na watoto wetu je, watakula nini. Naogopa. Maji siyaogopi kama ninavyomwogopa yeye leo.

Jumapili, 24 Machi

Jumapili ya Matawi, na hakuna kanisa. Niko juu ya dungu la kuamia ndege na watoto. Maji pande zote. Elina hapatikani kwenye simu — chaji labda. Mungu wangu, iwe chaji.

Fanueli kaondoka asubuhi, kasema anakwenda kumchukua Elina na mtoto. Nikamshukuru, mjinga mimi. Baadaye ndiyo nikaona jembe halipo.

Nimeita mpaka sauti imekauka. Nikishuka maji yananifika kifuani, na watoto siwezi kuwaacha.

Judith anapiga makofi. Anasema mama tazama, mpunga wetu unaonekana tena.

Kweli. Maji yanapungua. Yanapungua haraka —