Minazi Mitano ya Ruangwa

Ruangwa, Jumatatu, mwezi wa kumi na moja

Kwa mdogo wangu Hemedy bin Isihaka, Kilimarondo.

Mimi kaka yako Awadhi nina miaka sabini na tisa, na vingi nimevizika. Nimezika mke, redio tatu, na baiskeli iliyotengenezwa Uingereza. Ugonjwa wa mikorosho ulikausha mashamba ya watu wote, nikabaki nimesimama. Wakati wa ujamaa nilihamishwa nikabeba mlango wa nyumba yangu kichwani, na mlango huo ninao mpaka leo. Na yule simba wa huko kwenu aliyekuwa akitisha watu, mimi nipo, yeye yuko wapi? Nakukumbusha haya ili ujue anayekuandikia si mtu wa kubabaishwa.

Sasa salamu. Assalaam aleikum, mdogo wangu. Mguu wako unaendeleaje? Shemeji Swaumu hajambo? Tembo wameacha mashamba yenu au bado wanajifanya wamealikwa? Mimi ni mzima kuliko vijana wa hapa, ambao wakitembea mpaka sokoni wanatafuta pa kukaa. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana kwenye kisomo cha watu wazima nilikuwa wa kwanza, mpaka mwalimu akawa ananiogopa. Herufi zikilala, lawama ni ya kalamu. Isome mwenyewe barua hii. Usimpe mjukuu wako Amna akusomee, hata kama macho yanauma. Nina sababu.

Hemedy, nimechoka. Nimechoshwa na mjukuu wangu Safina, yule aliyekuwa akifanya kazi kwenye mahoteli Dar es Salaam. Amerudi Ruangwa tangu mwezi wa sita, na badala ya kununua mashine ya kukamua ufuta kama nilivyomshauri, amefungua bichi. Ndiyo, bichi. Hapa hapa Ruangwa, ambako bahari mtu anaifuata kwa basi. Amemwaga mchanga wa mtoni malori manne, akajenga kibanda cha makuti chenye kuta nyekundu, akaleta minazi mitano kutoka Lindi na mizizi yake, akaipanda kwa mstari. Wa tatu ameupinda kwa kamba na kuutilia nguzo. Bahari ameichora ukutani, bluu kama sabuni ya kufulia.

Pahali hapo pameandikwa Karibiani kwa Babu. Na huyo babu ni mimi. Nimechorwa kwenye bango barabarani, nimevaa kofia ya baharia, na meno nimepewa yote.

Utauliza imekuwaje. Imekuwa hivi kwa sababu Safina amekua akinisikia. Nani katika wilaya hii hajanisikia? Kwamba mwaka wa sitini na saba nilipanda meli, nikazunguka dunia miaka miwili, na huko visiwa vya Karibiani, jua likizama, nilikuwa nakaa ufukweni kwenye kibanda chekundu, glasi mkononi, minazi mitano mbele yangu, wa tatu umepinda, na mbwa mweupe amelala chini ya kigoda. Nimeisimulia harusini, nimeisimulia misibani, nimeisimulia kwenye foleni ya kupima korosho. Mtoto ameshika kila kitu. Hata mbwa amemtafuta! Mimi na udhu wangu nakalishwa, chini yangu mbwa. Nikigomba, ananijibu taratibu kwamba Babu, si wewe mwenyewe uliyesema alikuwepo?

Juzi Jumamosi ndiyo walinipeleka nikanywe. Wanasema jua linapozama ndiyo saa yake hasa, wanaiita sanset. Nikawaambia jua likizama ni saa ya kuswali magharibi. Safina akasema nitakunywa mapema, adhana ikilia nitakwenda, msikiti uko nyuma ya ukuta. Kila neno ana jibu lake, sijui karithi wapi. Kiti chenyewe kimelala kama machela. Ukishakaa unatazama mbingu, na kuinuka mpaka uvutwe na watu wawili. Mchanga umejaa kwenye viatu. Glasi imetiwa mwavuli mdogo wa karatasi, nikauliza kama mvua inanyesha ndani ya juisi. Wakacheka, wakanipiga picha.

Juisi ilikuwa ya mabibo, matunda ya mikorosho yetu. Upande wa bia ni wa mshirika wake, Prisila, na upande wetu ni juisi tupu, lakini nikauliza yamekamuliwa saa ngapi, maana wewe unajua, mabibo ya asubuhi yakifika jioni si juisi tena, ni uraka, na mimi kilevi sijaonja tangu nizaliwe, sitaanza kuonjeshwa na mjukuu. Prisila ana mdomo yule. Akasema baharia gani huyu, kavuka bahari zote halafu anaogopa bibo. Nikamwambia nyamaza, nimekunywa madafu ya nchi saba kabla babako hajatahiriwa.

Ndipo akaingia mgeni wa mgodini, mtu mweusi kama sisi, mnene, mpole. Dereva wake Amiri akatangaza kwamba bwana huyu kwao ni Trinidadi, na Trinidadi iko huko huko Karibiani. Watu wakapiga makofi. Safina akamshika mkono akamleta mpaka kwenye kiti changu, akasema kutaneni, watu wa bahari moja. Na mimi siwezi hata kuinuka nikimbie!

Mgeni hakuniangalia. Aliangalia minazi, akaihesabu kwa kidole. Akaangalia kibanda. Akainama akamwona mbwa. Halafu akacheka mpaka akashika tumbo, akasema Kiingereza kirefu. Amiri, asiyejua kunyamaza, akatafsiri mbele ya watu wote. Kwamba mgeni anasema bibi yake alikuwa na mkebe wa zamani wa biskuti, akiwekea sindano na nyuzi, na picha iliyo kwenye mfuniko wa mkebe ni pahali hapa hapa, kila kitu, mpaka mbwa.

Nikasema kwa sauti kubwa kwamba basi hao wa biskuti walikuja wakachora pahali pangu bila kuniuliza, na wao ndio waniombe radhi. Watu wakashangilia. Mgeni alipotafsiriwa maneno yangu aliniangalia, akanishika bega akasema ni kweli, pahali hapo pako, yeye anapajua. Hakuna lolote alilojua. Alinisitiri tu, kama unavyomtupia mtu shuka akiwa amelala vibaya mbele ya wageni.

Mambo yangeishia hapo. Lakini Safina akachukua kipaza sauti. Akawaambia watu kwamba babu yake alilipa gharama kubwa kwa safari ile. Kwamba baba yake alifariki yeye akiwa ng'ambo ya bahari, na mdogo wake Hemedy, mwenye miaka kumi na minne, ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea maiti kwa niaba ya kaka mkubwa. Watu walitikisa vichwa. Wanawake wawili walilia. Akasema Ijumaa hii Amiri atakuja na gari kukuchukua Kilimarondo, akukalishe karibu yangu kwenye mchanga, mtazame jua likizama pamoja, uone kwa macho yako kilichomzuia kaka yako asimzike baba. Watu wakashangilia tena. Adhana ikalia, na sijapata kuifurahia adhana namna ile.

Nimemgombeza Safina siku mbili, hataki kusikia. Amekwisha kununua kitambaa cha kukushonea shati lenye maua. Kwa hiyo barua hii namkabidhi muuza mitumba anayekwenda mnada wa huko Jumatano, ikuwahi kabla ya gari. Si haki uletwe mpaka hapa, ukalishwe mbele ya ukuta uliopakwa rangi, ushukuru.

Bahari niliiona siku moja tu, Hemedy. Unakumbuka nilivyoondoka, kwa ngoma, na baba kachinja jogoo. Kule Lindi waliniweka kwenye mashua kunijaribu. Imefungwa kamba, haijasogea hata hatua, mimi nimekwisha kutapika. Wakanishusha wakicheka. Ningerudi vipi nyumbani, na yule jogoo yumo matumboni mwa watu? Nikashika njia mpaka Nambambo, nikapata kazi ya kulinda shamba lisiliwe na nguruwe, kwa mzee mmoja aliyekuwa mpishi wa Wazungu wa mradi wa karanga pale Nachingwea. Wazungu walipoondoka walimwachia mkebe wa biskuti. Akawa anawekea chumvi. Binti yake ndiye aliyenisomea neno Karibiani lililoandikwa juu yake, na ndiye Mwantumu, shemeji yako, Mungu amrehemu. Miaka miwili nilikula ugali nikiutazama mkebe ule.

Kutoka Nambambo mpaka kwetu ni mwendo wa alfajiri hadi alasiri. Habari ya baba ilinifikia alfajiri. Nilikuja, Hemedy. Nilikuja mbio, miguu ikachubuka, nikafika kwenye mikorosho ya mzee Anuari, kando ya makaburi, na jeneza lilikuwa limeshawekwa chini. Nikasema nitoke. Halafu nikawaza watakaponiuliza meli iko wapi. Nikashika tawi. Nikakuona unashuka, kanzu ya kuazima inakuburuza, na ulipoinua mikono kumpokea baba kofia yako ikaanguka ndani, ukaogopa kuinama. Wakafukia nayo. Hukumwambia mtu, uliogopa kuchapwa. Mwaka uliofuata nilirudi nikakupa kofia ya nakshi, nikasema ya Karibiani, na wewe ukaniuliza nilijuaje kwamba huna. Nikasema baharia anajua kila kitu. Aliishona Mwantumu.

Ilikuwa zamu yangu kushuka. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia udongo.

Msamaha naomba hapa, mara moja, usinifanye nirudie, unanijua. Amiri akija Ijumaa ukakataa, sitauliza. Ukija, usivae shati la Safina, vaa kofia ile kama ipo, na kipaza sauti nitakichukua mimi, nitasema mwenyewe, mbwa akiwa pale pale chini ya kiti.

Msalimie shemeji Swaumu, wasalimie wajukuu, na mguu uukande kwa maji ya moto, si ya vuguvugu.

Ni mimi kaka yako,
Awadhi bin Isihaka

Na ukidhani natunga tena, pita Nambambo umuulize Rukaiya, mdogo wake Mwantumu, yu hai na ana akili zake. Yeye ndiye aliyeniosha miguu usiku ule niliporudi kutoka mazikoni. Mkebe uko jikoni kwake, bado una chumvi. Ihesabu minazi.