Kopo Moja Lisilo na Jina

Baba,

Shikamoo. Najua leo hutaitikia, lakini mama yako, Koko, anasema mtu hazungumzi na baba yake bila salamu, hata kwa karatasi. Nakuandikia kwa penseli. Utaelewa kwa nini.

Jana Dokta wa chuo kikuu alikuja kuchukua makopo yako ya mifupa ya samaki, kama mlivyokubaliana ulipokuwa bado unaweza kukaa kitandani. Lebo zake ziliharibika, Baba. Niliyeziharibu ni mimi. Ulijua nusu ya habari hii. Nusu nyingine sikuwahi kukuambia.

Nakumbuka ulivyoanza. Ulikuwa dereva tu, unampeleka Dokta na wanafunzi wake pwani kuchimba makazi ya watu wa kale, kisha unakaa kivulini ukisubiri. Siku moja ukachoka kusubiri, ukashika chekeche. Uliporudi nyumbani Sokon, hapa Arusha, ulikuwa unataka samaki. Wewe, mtoto wa Ngaramtoni, ambaye nyumbani kwenu samaki alihesabiwa ndugu yake nyoka.

Ulikwenda sokoni kwa yule mama anayeletewa samaki wa Tanga kwenye barafu. Ukamlaza changu mezani, ukampima kwa rula yangu ya shule, ukamweka kwenye mizani, ukaandika. Ndipo ukamchemsha. Koko alitoka jikoni na kiti chake, akakaa uani na kanga puani.

"Mwanangu alikwenda pwani mtu," akamwambia Mama kwa sauti ya kukufikia, "amerudi paka."

"Paka hula akasahau, Yeyo," ukamjibu mama yako. "Mimi nakula nikumbuke."

Tangu siku hiyo sufuria ya samaki ilifungwa uzi mwekundu kwenye mkono, isije ikapikiwa maziwa ya Koko. Na nyumbani kwetu ikawa sheria: hakuna kutupa mwiba. Kila mtu aliiweka miiba yake pembeni ya sahani, wewe ukaikusanya, ukaisafisha, ukaianika juu ya gazeti. Wageni walidhani tuna njaa.

Nilikuuliza mifupa ya samaki wa juzi inawasaidia nini watu wanaochimba ya kale. Ulinieleza taratibu, ugali ukipoa. Watu wale hawakuandika neno lolote, ukasema, lakini walikula kama sisi na wakatupa kama sisi. Katika tabaka za chini kabisa mlikuta changu, pono na tasi, samaki wa karibu na mwamba, wanaopatikana bila kwenda mbali. Juu zaidi mkaanza kuona pingili za uti wa mgongo wa papa na jodari, maana yake kuna watu waliokuwa wamejifunza kwenda kwenye maji makubwa. Na katika shimo moja mifupa ya changu ilizidi kuwa midogo kadiri mlivyopanda. Lakini ili ujue changu wa kale alikuwa na urefu gani, lazima uwe na changu wa leo uliyempima akiwa mzima, uweke mfupa kando ya mfupa.

"Kwa hiyo waliwamaliza wakubwa?" nikauliza.

"Labda. Au walibadilisha ndoano. Au tulichimba kwa mtu maskini." Ukacheka kidogo. "Usikisie, Naserian. Mfupa usioujua, andika hujui."

Nilikuwa darasa la sita ulipokwenda pwani safari ile ndefu. Niliona lebo zako, vikaratasi vyenye mwandiko wa kukimbia, penseli imefifia, nikaona haya kwa niaba yako. Nikaziandika zote upya kwa kalamu ya wino wa bluu, mwandiko wa kuunganisha, nikapiga mistari kwa rula. Za zamani nikazichoma kwenye jiko la mkaa. Nilikuwa nangoja usifu.

Ulifungua kopo la kwanza, ukalitazama muda mrefu. "Mwandiko mzuri," ukasema. Halafu, baadaye: "Penseli haiogopi maji, mwanangu. Likizo tutaziandika tena pamoja."

Likizo hiyo ulikuwa hospitali. Ulinikumbusha mara mbili ukiwa kitandani, na mara zote mbili nilikuitikia, "Ndiyo, Baba." Mara ya pili ukauliza kama nimeshaanza. Nikasema nimeshaanza. Hiyo ndiyo nusu usiyoijua. Masika yale bati la stoo lilivuja juu ya rafu yako, na nilipofungua makopo baada ya mazishi, lebo zilikuwa madoa ya bluu.

Wiki iliyopita niliyamwaga makopo mezani, moja baada ya jingine. Pono nilimjua kwa bamba la koo lake, lile la kusagia. Changu kwa magego yake ya mviringo. Papa kwa pingili, maana hana mfupa mwingine unaobaki. Wengine walinishinda. Mama alikuwa anachambua mchele, akasema, "Andika tu chochote, nani atajua?" Hakusema kwa ubaya. Alitaka nilale.

Ndipo Koko akavuta kiti chake. Alinyoosha kidole, hakugusa.

"Hilo lenye kichwa kikubwa lilinuka siku ya kipaimara cha binamu yako. Baba yako aliliita chewa. Nilimwambia aliite atakavyo, ila alitoe nje."

Nikamwonyesha kopo jingine. "Hiyo ni puju. Ngozi yake ilimkwaruza Mama yako akalia." Alikuwa amekaa uani na kanga puani miaka yote ile, na alikuwa amesikia kila jina. Jioni ile aliokota taya la chewa kwa vidole viwili, akaligeuza, akalirudisha polepole.

Majina yalirudi, Baba, lakini urefu na uzito havikurudi. Na kopo moja halikupata hata jina. Nilikaribia kuandika nguru. Ningeweza. Niliandika hivi: "Hajulikani. Alinunuliwa Arusha. Lebo yake niliiharibu mimi." Nikaweka jina langu.

Dokta alizisoma lebo mpya zote akiwa amesimama. Nilimweleza habari ya wino, na ya kusema uongo hospitali. Hakunifariji. Alisema bila vipimo makopo yatafaa kufundishia majina, si kupimia samaki wa kale, na hiyo ni hasara. Kisha akaniachia lile lisilo na jina. "Huyu mtafute mwenyewe," akasema.

Kwa hiyo Jumamosi naenda kwa mama wa samaki wa Tanga. Nitanunua mmoja mmoja, nitapima kabla ya kuchemsha, nitaweka mfupa kando ya mfupa. Na changu nitaanza naye upya, mdogo na mkubwa. Dokta amesema nikishajaza rafu, nimpigie.

Nilimwambia Koko mapema, ili asishtuke na harufu. Aliingia stoo, akatoka na sufuria yenye uzi mwekundu. Alikuwa ameisugua.

"Yangu usiiguse," akasema.

Pumzika, Baba. Nimeshaanza. Safari hii ni kweli.

Binti yako,
Naserian