Mafuta Yaliyoota Jua

Kwamndolwa, Korogwe
Jumatano

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu kidonda cha mguu kiwe kimeanza kukauka, na mama awe hajambo. Mimi mzima wa mwili, ila nina hasira hata chakula hakipiti. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa shemeji Iddy barua hii akuletee Kwedizinga.

Dada Rhoda ameniambia kiwandani wamekuandalia karatasi ya kukiri kwamba ulinyonya mafuta ya transfoma ukiwa lindoni, ndiyo maana ikalipuka, na kwamba umekubali kuisaini Ijumaa. Umekubali! Miaka kumi na tisa unalinda mkonge wa watu, hujarudi nyumbani hata na kipande cha kamba. Transfoma yao imekuunguza, halafu ujiite mwizi?

Nilimpigia Injinia Godlisten wa hapo kiwandani nikamwuliza ana ushahidi gani. Akanijibu bila haya kwamba maabara yetu, hapa kazini kwangu, ilipima mafuta yale mwezi mmoja kabla, ikaonekana transfoma bado nzima, kwa hiyo haikufa kwa uzee, kuna mkono wa mtu. Nzima! Transfoma ile imenizidi umri. Nyaya zake zimezungushiwa karatasi, na karatasi ikichakaa huacha kemikali kwenye mafuta. Hiyo ndiyo tunayopima kujua uzee wake. Lakini mafuta yakikaa juani na kupata hewa, kemikali hiyo huharibika, ukipima huioni. Godlisten analijua hilo, na hakuuliza hata mara moja sampuli ilitunzwaje. Kumsingizia mlinzi ni rahisi kuliko kubadilisha transfoma.

Sampuli ile niliichota mimi, baba, na nikaipima mimi. Chupa nyeusi zilikuwa zimeisha, nikatumia chupa ya maji ya kunywa, nikaiacha dirishani wiki tatu, kifuniko kimelegea. Jibu lilipotoka zuri nilijua si la kweli. Nikasaini. Ilipolipuka nikanyamaza.

Na wewe ulijua. Ulipokuja kunisalimia kazini uliiona chupa ile, ukaniuliza mbona mafuta ya kwenu yanaota jua. Rhoda anasema umemwambia huwezi kuacha mwanao afukuzwe kazi. Nani alikutuma? Najichukia kwa nilichofanya, lakini hili lako limeniuma zaidi.

Leo asubuhi nimemkabidhi mkuu wa maabara maelezo yangu yote, na nakala imekwenda kiwandani. Wakinifukuza wanifukuze. Usisaini. Ukisaini nitakuja kusimama getini kwao, niwaambie wakata mkonge wote kwamba baba yangu ni mwongo.

Msalimie sana mama, umsomee barua hii yote bila kuruka mstari.

Ni mimi mwanao,
Joyceline Ernesti